Tairi Pana, Foki Nyembamba

Dukani, tairi la baiskeli ya milima lenye upana wa inchi 2.6 halina kosa. Meno yake marefu, mpira wake unanukia upya, na likishikwa mkononi linaonekana kuwa jibu la mawe yote ya dunia. Kosa hujitokeza nyumbani, baiskeli ikiwa imepinduliwa, usukani chini na magurudumu juu. Tairi linavishwa, linajazwa upepo, gurudumu linarudishwa kati ya miguu miwili ya foki na kuzungushwa kwa kidole. Unasikika mkwaruzo: shh, shh, shh. Meno ya pembeni yanalamba foki. Tope bado, kokoto bado, na nafasi imeshakwisha.

Hapo tairi linaanza kudai. Linataka foki pana. Foki pana za siku hizi nyingi zimetengenezwa kwa habu ya milimita 110, na habu iliyopo ni ya 100. Basi, habu mpya. Habu mpya inaleta spoki mpya, na maadamu gurudumu linafungwa upya, mbona rimu ibaki ileile nyembamba? Kisha fundi anainua foki mpya na kuona kwamba shingo yake imetanuka chini hadi inchi 1½, ilhali fremu ilitengenezwa kwa shingo nyoofu ya inchi 1⅛. Sasa inadaiwa fremu. Mtu aliyetoka kwake kununua tairi moja amerudi na baiskeli nzima, na ile ya zamani imeegemezwa ukutani kama mgeni aliyekosea nyumba.

Wenye kupenda falsafa wakifika hapa hukimbilia meli ya Theseus, wakauliza kama kitu kilichobadilishwa kila kipande bado ni kilekile. Swali hilo lina utamu wake, lakini anayelipia vipande halimkoseshi usingizi. Anajua baiskeli ni yake. Linalomsumbua ni jingine. Alipochagua tairi, je, aliyachagua na hayo mengine yote? Na ikiwa kila kipande kinamdai mwenzake, kutosha kuko wapi?

Denis Diderot, Mfaransa aliyeihariri Ensaiklopidia kubwa ya karne ya 18, alikutana na swali hilo kwenye nguo. Alipewa joho jipya jekundu la kuvaa nyumbani, na mwaka 1769 ikatoka insha yake fupi ya kulililia lile kuukuu. La zamani lilikuwa mtumishi: kitabu kikishika vumbi, upindo wake ulikifuta, kalamu ikigoma kutoa wino, ilipanguswa papo hapo. Jipya liliingia chumbani kama bwana mkubwa, na kila kilicholizunguka kikaonekana fukara. Kiti cha majani kikakipisha kiti cha ngozi ya Morocco. Ubao wa vitabu ukalipisha kabati la fahari. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia Grant McCracken aliibatiza hali hiyo athari ya Diderot, na tangu hapo jina hilo limekuwa fimbo ya kuwachapia wanunuzi wasioshiba.

Lakini kumchapa mwenye tairi la 2.6 kwa fimbo hiyo ni kumwonea, walau mwanzoni. Kiti cha majani hakikulikwaruza joho la Diderot. Kilikuwa kiti salama, kilichoonewa haya tu. Foki nyembamba inalikwaruza tairi kwelikweli, na siku kijiwe kitakapopenya katikati yao kwenye mteremko, gurudumu la mbele litakwama na mwendeshaji ataruka juu ya usukani. Ipo minyororo ya tamaa, na ipo ya chuma.

Namna ya kuitenganisha iliwashughulisha wanazuoni wa Kiislamu muda mrefu kabla ya baiskeli. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizipanga maslaha za binadamu kwa ngazi tatu katika kitabu chake al-Mustasfa: dharura, haja, na tahsini, yaani yale ya kupendezesha. Al-Shatibi wa Granada aliupanua mpangilio huo katika karne ya 14. Dharura ni kile kikikosekana mambo huporomoka. Haja ikikosekana watu hupata mashaka, ila hawaangamii. Wanazuoni hao walikuwa wakizungumzia dini, uhai, akili, kizazi na mali, wala kuwashusha hadi kwenye karakana ya baiskeli hakukosi kuwaomba radhi. Hata hivyo, maneno mawili ya kwanza Waswahili wanayatumia kutwa kucha bila kukumbuka yalikotoka, na kipimo chenyewe kinafanya kazi vizuri kati ya bisibisi na spana.

Mkwaruzo kwenye foki ni dharura; hauhitaji mjadala. Kugombania habu ya 110 ni haja, na mara nyingi haja ndogo kuliko inavyotangazwa, kwa sababu zipo pete za kuziba milimita 5 kila upande na kipande kingine cha kuisogeza diski ya breki, gurudumu la zamani likakaa kwenye foki mpya. Rangi ya rimu ifanane na rangi ya foki? Hiyo kila mtu anajua iko wapi. Taabu ni kwamba dukani haja na tahsini huvaa sare moja, na muuzaji huita zote mbili dharura.

Tairi pana lenyewe, kihistoria, lilianza na dharura iliyoonekana kwa macho, tena kwa moshi. Mwaka 1976 kundi la vijana wa Marin County, kaskazini ya San Francisco, walianza kushindana kushuka njia ya vumbi iliyoporomoka kama mita 400 ndani ya kilomita tatu na ushei. Baiskeli zao zilikuwa kuukuu, za chuma kizito, nyingi za kampuni ya Schwinn za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na breki ya nyuma ilikuwa ndani ya habu. Kufika chini, grisi ilikuwa imeungua na kufuka moshi; ilibidi habu ifunguliwe na kupakwa grisi upya. Kwa kazi hiyo njia ikapata jina la Repack. Tairi zao zilikuwa za inchi 2.125, ukubwa ambao Schwinn iliuingiza sokoni mwaka 1933 wakati wa mdororo wa uchumi. Hakuna aliyezikusudia kwa milima. Joe Breeze alipotengeneza mwaka 1977 fremu maalumu ya kazi hiyo, alikuwa ameshaona kwa macho yake kipi kinavunjika.

Alaska ilikwenda mbali zaidi, na huko ndiko jambo hili linakonoga.

Mwaka 1987 yalifanyika huko mashindano ya Iditabike, kama kilomita 320 za theluji kwenye njia ya Iditarod inayotumiwa na mbwa wa kukokota magari ya theluji. Kwa tairi za milima za wakati ule, sehemu kubwa ya mashindano ilikuwa kutembea huku baiskeli ikisukumwa. Theluji iliyokanyagwa na mbwa ina ganda juu na ulaini chini. Tairi jembamba hulipasua ganda hilo na kuzama hadi kwenye rimu. Waendeshaji hawakuanza kwa katalogi, maana katalogi ya kitu hicho haikuwapo. Walianza kwa theluji. Simon Rakower wa Fairbanks alichomelea rimu mbili ubavu kwa ubavu, akazifanya moja. Baadaye akatoa rimu zilizoitwa SnowCat, zenye upana wa milimita 44.

Kwa nini 44, na si 60 au 80? Kwa sababu SnowCat ilikusudiwa kuingia kwenye fremu na foki ambazo watu tayari walikuwa nazo. Rimu pana hulitanua tairi lilelile kwa milimita kadhaa, na foki za wakati ule zilikuwa na ukomo wao. Rakower alinyoosha upana hadi pale chuma cha watu kilipokataa, akasimama. Wakati huohuo, mbali na theluji, Ray Molina alikuwa akihangaika na mchanga wa majangwa ya kusini-magharibi ya Marekani na Mexico, akatengeneza rimu za kama milimita 80 na tairi za inchi 3.5. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mchanga wa huku na theluji ya kule vikakutana, na ikabidi fremu na foki zitengenezwe upya kabisa. Hapo mnyororo ulikuwa wa haki. Hakuna pete wala kipande cha kuchomelea ambacho kingelipitisha tairi la namna hiyo kwenye foki ya kawaida.

Mhenga alisema usione vyaelea, vimeundwa. Alikuwa na vyombo vya baharini akilini, lakini maneno yake yanakaa sawasawa juu ya theluji, kwa sababu kazi ya tairi hilo ni kuelea. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 50. Tairi likiwa na upepo wa psi 45, sehemu inayogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 16, chini kidogo ya uso wa kiberiti kimoja. Upepo ukipunguzwa hadi psi 7, eneo hilo linafika kama sentimita za mraba 100: viberiti sita vimepangwa pamoja. Uzito ni uleule, ila umetandazwa. Kitendawili kiko hapo. Kinachobeba ni ulaini. Upana upo ili ulaini uwezekane. Tairi jembamba likipunguzwa upepo kiasi hicho litabonyea hadi rimu ibane tyubu juu ya jiwe, na tyubu ipate pancha ya matundu mawili yaliyokaa kama alama ya meno ya nyoka. Tairi pana lina kina cha kubonyea bila kufika chini.

Na hapa rimu inaingia kwa haki yake. Tairi la inchi 2.4 likivishwa rimu ya ndani milimita 19, linakaa kama balbu ya taa: kichwa kikubwa, shingo ndogo. Upepo ukiwa mdogo, kwenye kona kichwa kinalala upande huku shingo ikibaki, na mwendeshaji anahisi baiskeli inamkana. Rimu ya ndani milimita 30 inalipa tairi hilohilo miguu ya kusimamia. Ikizidi mno, kosa linageuka: tairi linatandazika kama chapati, meno ya pembeni yanaangalia juu badala ya chini, na ubavu, ambao ndio ngozi nyembamba kuliko zote, unabaki wazi kwa mawe.

Foki ndiyo inayodanganya zaidi. Wengi huona tairi nene wakadhani limekwishafanya kazi ya foki ya springi. Limefanya nusu. Tairi ni springi isiyo na kizuizi: linabonyea, kisha linarudisha karibu kila lilichopokea, na kwenye mizizi mfululizo baiskeli inaanza kudunda kama mpira. Ndani ya foki nzuri kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na msukosuko huishia humo kuwa joto. Kampuni ya Rockshox walipotoa foki yao ya kwanza mwaka 1989 watu walicheka. Mwaka uliofuata Greg Herbold aliitumia kushinda mashindano ya kwanza ya dunia ya kushuka mlima, huko Durango, Colorado. Ila foki ndefu nayo ina bei isiyoandikwa kwenye kibandiko. Kila milimita 20 zinazoongezwa mbele hulaza pembe ya usukani kwa karibu digrii moja. Baiskeli inatulia mteremkoni na kuwa nzito kukata kona kwenye kupanda. Aliyedhani ameongeza starehe amebadilisha tabia.

Mfano bora wa kuchagua ndani ya mnyororo bila kufungwa nao ulitoka Minnesota mwaka 2005, pale kampuni ya Surly walipoleta baiskeli ya Pugsley: tairi la inchi 3.7 kwenye rimu ya milimita 65. Tairi nene kiasi hicho lingegusana na mnyororo kama habu ya nyuma ni ya kawaida. Suluhisho la haraka lingekuwa kubuni habu mpya pana, na kumlazimisha kila mnunuzi aisake. Waliamua kuisogeza rimu upande mmoja kwa milimita 17.5, habu ikabaki ya milimita 135, ile iliyokuwa imejaa kila duka. Kisha foki ya mbele nayo ikatengenezwa kwa habu hiyohiyo ya 135. Faida yake haionekani hadi mtu awe amekwama. Habu ya nyuma ikiganda kwa baridi katikati ya pori, mwendeshaji aliyeweka gia moja kwenye gurudumu la mbele anabadilishana magurudumu na kuendelea. Baiskeli hiyo ilikuwa mbaya kwa sura, kila kitu kimepinda upande. Ilikuwa na akili nyingi.

Mwaka 2014 ikatoka foki ya springi ya Bluto kwa ajili ya tairi hizo nene. Ilidai habu ya milimita 150. Wenye foki za 135 wakarudi dukani.

Mwaka huohuo, mwezi Januari, Daniel Burton alifika Ncha ya Kusini kwa baiskeli ya tairi nene akitokea pwani ya Antaktika. Hakuna anayeweza kumwambia kwamba upana wake ulikuwa wa fahari. Kwenye theluji ya huko, inchi nne na zaidi ni dharura tupu. Tairi hilohilo juu ya lami ya mjini ni mzigo unaovuma, na mwenye nalo anakanyaga mara mbili kufika dukani.

Aristotle alikuwa na mfano wa mtu mwingine. Katika kitabu cha pili cha maadili yake, kile kilichopewa jina la Nicomachus, anamtaja Milo, mpiganaji mieleka wa Croton. Ikiwa mina kumi za chakula ni nyingi na mbili ni kidogo, mkufunzi hatatoa sita kwa kila mtu eti kwa sababu sita iko katikati. Kwa Milo sita itakuwa kidogo, na kwa anayeanza mazoezi itakuwa nyingi. Kiasi, anasema, ni kiasi kwetu sisi, hakitoki kwenye namba zenyewe. Wengi wamemgeuza Aristotle kuwa mhubiri wa katikati, na soko la baiskeli lilifanya vivyo hivyo: lilipochoka na inchi nne likatangaza inchi tatu kuwa ndiyo kipimo cha wote, na miaka michache baadaye likarudi taratibu kwenye 2.4 hadi 2.6. Safari hiyo yote inasomeka kama watu wanaotafuta sita ya Milo kwenye kibandiko.

Dini nazo zinajua kwamba kutosha si suala la uhaba. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Ibn Majah inasimuliwa kwamba Mtume alimkuta sahaba akitawadha kwa maji mengi na kumkemea kwa israfu, naye akauliza kama kwenye udhu pia kuna israfu. Akajibiwa kuwa ipo, hata kama mtu yuko kando ya mto unaotiririka. Mto haupungui kwa udhu wa mtu mmoja. Kinachopimwa hapo ni mkono unaochota, na mkono huo ndio uleule unaofungua pochi kaunta.

Aristotle ana jambo jingine ambalo wauza tairi hawalipendi. Kiasi chake hakiishii kwenye wingi. Kinahusu pia wakati na namna. Kwa hilo hakuna haja ya kwenda Alaska. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Jambiani, ufukwe ni barabara. Zinazopita hapo si baiskeli za tairi nene. Nyingi ni zile nzito za chuma, tairi la 28 kwa 1½, upana wa karibu milimita 40, foki isiyo na springi hata ya kalamu. Juu, penye mchanga mkavu mweupe, baiskeli hiyo inazama hatua tatu tu na mwenyewe anashuka. Chini, maji yakishakupwa, mchanga uliolowa umeshikamana kiasi kwamba tairi linaacha alama nyembamba kama mstari wa penseli. Mwendeshaji hakupanua tairi wala kubadilisha rimu. Alichagua saa, kama wanavyoichagua wanawake wanaoteremka kwenye mashamba ya mwani.

Hilo halimsaidii mwenye njia ya mawe na mizizi, ambayo haina kupwa wala kujaa. Yeye kwanza ajaze upepo tairi alilonalo na kupitisha penseli kati ya meno na foki, kila upande na juu. Penseli ikipita bila kugusa na rimu yake ikiwa ya ndani milimita 25 hadi 30, tairi la 2.4 na upepo uliopunguzwa kwa uangalifu vitamfikisha mbali kabla foki haijadai chochote. Penseli ikikwama, foki imemjibu, na hakuna muuzaji mwenye haki ya kumbishia.

Ama wa Jambiani, maji leo yakipwa saa nne asubuhi, kesho yatakupwa karibu saa tano kasoro dakika kumi.